Kipimo cha Siku Moja Hakitoshi



Mlinzi hahesabiwi kuwa amelinda kwa kuchungulia langoni mara moja kisha akaenda kulala. Hukesha, na yote aliyoyaona huyaandika katika daftari la zamu. Maoni yetu ya leo yahusu lindo la namna hiyo: lindo la hewa tuivutayo hapa Bujumbura.

Petroli, ambayo wengi wetu huiita esansi, hugeuka mvuke hata pasipo moto. Ndani ya mvuke huo mna benzeni, kemikali iliyokwisha kuthibitishwa kuwa huleta saratani ya damu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiasi cha benzeni kinachoweza kuitwa salama.

Ni nani basi walio karibu zaidi na mvuke huo? Ni fundi wa Buyenzi aoshaye vipuri kwa petroli. Ni familia iliyoweka madumu ya mafuta chumbani wanamolala watoto. Tena ni askari: dereva avutaye mafuta kwa mdomo katika mpira, na polisi alindaye foleni ndefu kituoni, kama ilivyokuwa katika uhaba wa mafuta wa mwaka 2022 na wa 2024.

Adui huyu aweza kupimwa. Mrija mdogo wenye dawa ya kunasa mvuke hutundikwa mahali kwa siku 14, kisha hupelekwa maabara, na mwingine hushika zamu yake. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 2015 iliviamuru viwanda vya kusafishia mafuta vizungushe mirija hiyo kwenye mipaka yao mwaka mzima. Wastani ukizidi kiwango, sharti chanzo kitafutwe na kuzibwa. Umoja wa Ulaya nao uliweka mpaka wa mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo, kwa wastani wa mwaka, kuanzia 2010.

Kwa nini mwaka, wala si siku? Mchana upepo hutoka Ziwa Tanganyika kuelekea milimani. Usiku hewa hushuka kutoka milimani. Kiangazi si masika. Apimaye adhuhuri moja tu amepima upepo, hakupima hewa. Isitoshe, maradhi haya huchukua miaka kujitokeza. Basi na daftari lake liwe la miaka.

Ndugu askari, zamu hiyo yaweza kuanza leo kwa nidhamu. Usivute mafuta kwa mdomo. Usinawe mikono kwa petroli. Usilale chumba kimoja na madumu. Ukilinda kituo cha mafuta, simama upande utokako upepo. Nao wenye dhamana ya afya na mazingira waikumbuke mirija ile midogo, kwani pumzi ya mlinzi ni sehemu ya ulinzi wa nchi.