Kopo la Vipuri na Mkono wa Fundi

Ndugu mafundi wenzangu wa Mazwi, na ninyi mliotoka vijijini,

Kipuri kikikosekana hapa Sumbawanga, tunasubiri basi la kutoka Mbeya, au tunaagiza Kariakoo. Ndiyo maana hatutupi bodi mbovu. Tunang'oa kila kinachong'oka na kukitia koponi. Nimekuja kusema juu ya kopo hilo, maana naamini ajali nyingi za mezani kwetu zinaanzia humo.

Mimi niliwahi kuokota kapasita iliyofutika maandishi, nikaifunga kwa kuangalia umbo tu. Ilikuwa ya volti 16, mahali panapotaka 25. Nilipowasha redio ilipasuka, kifuniko chake kikanipiga juu ya nyusi. Kingeshuka kidogo, leo ningekuwa na jicho moja. Na zile redio zilizofungwa uzi wa waya badala ya fyuzi? Aliyeufunga anajua kazi ya fyuzi. Ila aliitafuta koponi, hakuiona, na mteja amesimama mlangoni.

Tuanze na rezista. Nyingi tunazokutana nazo zina mianzo 12 tu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82. Basi chukua viberiti vitupu 12, uvigundishe kwenye kadibodi. Rangi mbili za kwanza zinakuonyesha kiberiti: njano na zambarau ni 47, iwe ohm 47, 470 au 4,700; rangi ya tatu utaisoma ukishaishika. Zisizo na kwao zipewe kiberiti cha 13. Kapasita ipimwe kabla ya kuhifadhiwa, na volti zake ziandikwe upya kwa kalamu. Iliyovimba kichwa usiionee huruma. Fyuzi zikae peke yake, karibu na mkono, zikipangwa kwa ampea.

Sasa umeme wenyewe. Pawa saplai nyingi za kisasa hupokea volti 230 na kuzigeuza kuwa kama 325 ndani ya kapasita kubwa, na chaji hiyo hubaki hata plagi ikishachomolewa. Tusiishushe kwa bisibisi. Cheche yake huharibu bodi na kumshtua fundi. Tumia rezista ya kilo-ohm 2.2, wati 5, yenye waya zilizofunikwa vizuri. Ishike sekunde chache, kisha pima kwa mita. Mkono wa pili uwe mbali na chesisi.

Wenzetu wa simu za upepo wana hatari nyingine. Radi za Ufipa tunazijua: wingu likianza kukusanyika, antena ichomolewe mapema, siyo ngurumo ikiwa juu ya paa. Na tusirushe matangazo bila antena, transista za mwisho zitaungua. Kwenye betri ya volti 12, vua pete kabla ya kushika spana.

Nimekuja na kopo langu la miaka mingi. Baada ya chai nitalimwaga hapa mezani, kila mmoja achukue kiganja kimoja, mita na viberiti 12.