Maputo Angani, Takataka Ardhini

Katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska nchini Marekani, ilikuwapo desturi iliyodumu kwa miongo mingi. Kila timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska ilipopata pointi zake za kwanza katika mchezo wa nyumbani, washabiki waliojaa uwanjani, ambao aghalabu huzidi 80,000, waliachia kwa pamoja maelfu ya maputo mekundu yaliyojazwa gesi ya heliamu. Anga yote juu ya uwanja iligeuka nyekundu. Wazee waliiona furaha hiyo wakiwa vijana, kisha wakawaletea wajukuu wao waione.

Mwaka 2022 mkurugenzi wa michezo wa chuo hicho, Trev Alberts, alitangaza kwamba maputo hayatagawiwa tena msimu huo. Sababu aliyoitoa ilikuwa uhaba wa heliamu, na kwamba gesi iliyopatikana ihifadhiwe kwa matumizi ya tiba katika hospitali ya chuo mjini Omaha. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo watetezi wa mazingira walikwisha kulalamika, na mwaka 2016 shauri lilifikishwa hata mahakamani. Swali linalotukabili ni hili: je, desturi ya namna hii ikome kwa sababu tu gesi imeadimika, au ikome kwa sababu yenyewe haifai?

Ndugu wasikilizaji, puto likiachiwa halitoweki. Hupanda, hupasuka au huishiwa nguvu, kisha hurudi chini mahali asipojulikana aliyeliachia. Vipande vyake na uzi wake huangukia mashambani, mitoni na baharini. Mwaka 2019 wataalamu wa Australia walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya ndege wa baharini zaidi ya 1,700. Waligundua kwamba ndege aliyemeza kipande cha puto yumo katika hatari ya kufa mara 32 zaidi kuliko aliyemeza plastiki ngumu. Kwani kilicho laini hukwama tumboni na kuziba njia ya chakula.

Watetezi wa desturi hiyo wanazo hoja zao, nazo zastahili kusikilizwa. Wanasema Nebraska iko mbali na bahari. Wanasema maputo ya utomvu wa mpira huoza. Wanasema pia kwamba magari yanayowaleta watu uwanjani huchafua hewa kuliko maputo. Hoja ya mwisho ina ukweli. Lakini uchafu mkubwa haujapata kuwa ruhusa ya kuongeza mdogo. Kuhusu kuoza, mpira hauozi kwa siku moja, na mnyama hangoji puto lioze ndipo alimeze. Na upepo haujui mipaka ya jimbo.

Mji wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, ulijifunza hayo kwa uchungu. Tarehe 27 Septemba 1986 yaliachiwa huko maputo yapatayo milioni moja na nusu kwa mara moja, katika tamasha la kuchangia hisani. Mvua na upepo viliyarudisha chini. Njia ya ndege ilifungwa kwa muda, na Ziwa Erie likatapakaa maputo wakati ambapo waokoaji walikuwa wakiwatafuta wavuvi wawili waliopotea. Kazi hiyo ilitatizwa sana, na wavuvi hao walikutwa wamekufa.

Wengine wamekwisha kuamua. Chuo Kikuu cha Clemson, kilichoachia maputo zaidi ya 360,000 mwaka 1983, kiliacha desturi hiyo mwaka 2018. Mashindano ya magari ya Indianapolis yaliiacha pia. Majimbo ya Virginia, Maryland na Florida yameipiga marufuku kwa sheria.

Nasi katika sehemu hii ya Afrika hatuko mbali na jambo hili. Rwanda iliharamisha mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Wananchi waliambiwa waache kitu walichokitumia kila siku sokoni, nao wakarudi kwenye vikapu. Tena, mwaka 2016 ilitangazwa kwamba bonde la Rukwa nchini Tanzania lina hazina ya heliamu. Gesi hiyo hutengenezwa ndani ya miamba kwa mamilioni ya miaka, nayo hupoza mitambo inayowapima wagonjwa hospitalini. Ikiachiwa hewani haiokotwi tena. Je, ni busara kuichimba kwa gharama kubwa ili mtu aishangilie kwa dakika moja?

Ndugu wasikilizaji, uhaba wa gesi ni sababu ya muda. Gesi ikipatikana kwa wingi, maputo yanaweza kurudi. Kwa hiyo yafaa desturi hii ikomeshwe kwa sababu ya kudumu, nayo ni kwamba hakuna mwenye haki ya kutupa takataka katika shamba la mwenziwe kwa kuwa amefurahi. Wala furaha haitakufa. Umati ule utabaki na sauti zake, bendera zake na mavazi yake mekundu. Kilichowaleta watu uwanjani tangu zamani ni umoja wao na timu yao, na hayo hayajazwi gesi.