Usiku wa kuamkia Jumatano

Treni za chini ya ardhi za London ni kongwe kuliko zote duniani. Zilianza mwaka 1863, lakini ni Agosti 2016 tu ndipo baadhi ya njia zilipoanza kwenda usiku kucha, nazo ni usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili peke yake. Mimi nilifika stesheni saa saba, usiku wa kuamkia Jumatano. Geti limefungwa. Teksi ingemaliza posho yangu ya siku mbili, na kutembea kwenye baridi ile sikuthubutu.

Nikaelekezwa Trafalgar Square, kwenye mabasi ya usiku, yale yenye herufi N mbele ya namba. Nilitarajia walevi. Walikuwapo, wawili. Waliobaki ni wafagiaji wa maofisi, wauguzi na walinzi, wengi weusi kama mimi, wamesinzia na vitambulisho shingoni. Mama mmoja, mzaliwa wa Bukavu, alitoka kufagia ofisi moja. Saa kumi na moja alfajiri alitakiwa kwenye nyingine. Sisi wageni wa semina hatuonyeshwi London hiyo.

Ndiye aliyeniamsha kituoni kwangu. Yeye bado alikuwa na basi jingine la kupanda.