Giza na Mbalamwezi katika Nyumba za Rumonge

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. 

Maneno ya leo yahusu nyumba, na nyumba ikusudiwayo ni mume, mke, watoto, na yule mama mkwe aliyekuja kukaa juma moja akamaliza mwaka. Kwa kuwa kila mji una desturi zake na taabu zake, yafaa kuchukua mji mmoja na kuutazama vizuri. Mji wenyewe ni Rumonge, katika nchi ya Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 70 na zaidi kusini ya Bujumbura. Watu wake husema Kirundi na Kiswahili, hulima michikichi na kukamua mawese, na Waislamu wengi wa mji huo hula kwa jasho la ziwani.

Karani hungoja mwisho wa mwezi wa kalenda apate mshahara. Mvuvi wa ndagala hutazama mbinguni. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa: mwanga huwekwa juu ya maji, samaki wakakusanyika chini yake, kisha wavu ukainuliwa baina ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni za betri. Lakini taa iwayo yote haishindani na mwezi mpevu. Mbalamwezi ikitapakaa ziwa zima, samaki hawana haja tena ya kuijia taa ya binadamu, na wavuvi huvuta vyombo vyao pwani wakapumzika siku saba, au hata kumi. Basi katika kila mwezi nyumba ya mvuvi ina majuma ya kupata na juma la kukosa.

Mwislamu aliyezoea kuhesabu miezi kwa mwandamo hawezi kusema kwamba hakujua. Tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi, zile siku nyeupe ambazo kuzifunga ni suna, ndizo hasa siku ambazo mitumbwi imelala mchangani. (Wapo wachekao wakisema ya kuwa mvuvi hufunga siku hizo atake asitake.) Idi ya Mfunguo Mosi huja baada ya usiku wa giza wa mwisho wa Ramadhani, kwa hiyo aliyejaliwa samaki huikuta na fedha mkononi, na watoto wakavaa nguo mpya. Idi ya Kuchinja ni tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, mwezi umekwisha kukua na wavu umekwisha kuanza kurudi mtupu. Na Maulidi, tarehe 12 ya Mfunguo Sita, ni vivyo hivyo. Mambo haya yanajulikana tangu mababu. Mwenyezi Mungu mwenyewe ametufahamisha katika Suratul Baqara kwamba miezi miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu.

Likiwa lajulikana hivyo, mbona laleta ugomvi?

Ukiuliza wasuluhishi wa ndoa, utaambiwa umaskini. Neno hilo lina ukweli, walakini halitoshi. Juma la njaa lijulikanalo siku yake haliwezi peke yake kuvunja nyumba. Kinachovunja nyumba ni fedha za usiku wa giza ambazo mke hakuambiwa hesabu yake. Chombo kikirudi alfajiri, samaki huuzwa. Hutolewa kwanza gharama za mafuta na vifaa, kisha fungu la mwenye chombo, na kilichobaki hugawanywa baina ya wavuvi. Mume aingia nyumbani saa tatu, amechoka, nguo zanuka samaki. Atoa faranga kidogo za mboga, alala. Nyingine ziko wapi? Labda amelipa deni, labda amemsaidia ndugu yake, labda ameziacha kwa wauza pombe, astaghfirullah. Mke hajui. Asiyejua hukisia, na makisio ya mtu mwenye njaa hayawi mema. Ifikapo mbalamwezi, mume asema hana kitu, na pengine asema kweli. Lakini kweli hiyo imechelewa kuja.

Wanawake wa mji huo hawakai bure. Wengi hununua ndagala pwani, huwaanika juani, kisha huwauza wakavu sokoni au kwa wachuuzi waendao bara. Mtaji huo ni mali ya mwanamke. Sharia haimlazimishi kutoa hata faranga moja kwa chakula cha nyumba, maana chakula, mavazi na makazi ni wajibu wa mume. Akitoa, ametoa sadaka na wema. Sasa tazama yatokeayo. Mathalan mke ana faranga 50,000. Usiku wa tatu wa mbalamwezi mume aomba 10,000 za unga na maharagwe. Mke atoa kwa moyo mmoja. Usiku wa tano aomba tena. Mtoto ana homa. Usiku wa saba mtaji umebaki robo. Kisha giza larudi, ndagala wamejaa pwani, bei imeshuka, na mwanamke asimama na beseni lake tupu akitazama wenziwe wakinunua. Mume amevua, nyumba imekosa faida ya kuanika na kuuza. Nyumba imekula mbegu yake. Na mume, badala ya kurudisha, asema: «Kwani si tulikula sote?»

Neno hilo limewapeleka wanawake wengi kwa wazee. Ni neno la dhuluma, ingawa lasemwa kwa sauti ya upole. Kama mke alisema «nakupa», amekupa, na shukrani ni deni lako. Kama alisema «nakukopesha», basi ni deni kama deni la mwenye duka, na Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, imeagiza deni liandikwe. Hakuna mahali ilipowatoa mume na mke katika agizo hilo. Watu huona haya kuandikiana ndani ya chumba kimoja. Lakini hawaoni haya kutukanana hata majirani wakasimama uani.

Na mume bahili? Hind binti Utba alimshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa Mtume, Rehema na Amani zimshukie, ya kwamba hampi yamtoshayo yeye na mwanawe. Mtume akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha kwa wema. Waume hupenda kuisahau Hadithi hii. Baadhi ya wake nao huikumbuka sehemu ya kuchukua wakaisahau sehemu ya kiasi.

Zipo taabu ambazo mwezi haukuzitangaza. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu wa mwambao wa Burundi. Familia zikahamia kwa jamaa, vyumba viwili vikalaza watu wa vyumba vinne. Miaka hii ya karibuni upungufu wa petroli umezuia vyombo ziwani na magari barabarani, hata katika giza totoro. Karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, lakini madaftari na sare za Septemba hazikufutwa. Katika mambo kama haya mume hana la kulaumiwa, na mke amwambiaye «wewe si mwanamume» siku ya maji kuingia ndani amekosa adabu na amekosa haki. Bibi Aisha alisimulia kwamba iliweza kuonekana miandamo mitatu katika miezi miwili bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula kikiwa tende na maji. Hizo zilikuwa nyumba za mbora wa viumbe.

Ugomvi ukitokea, mwanamume wa pwani hutoka akaenda kulala chomboni. Si vibaya, ni afadhali kuliko mkono kuinuka. Sayyidna Ali alipata kukasirikiana na Bibi Fatuma akatoka, akaenda kulala msikitini. Mtume akamwuliza binti yake yuko wapi, akamfuata, akamkuta amelala na vumbi limemshika mwilini. Akampangusa vumbi kwa mkono wake, akamwita kwa mzaha Abu Turab, baba wa udongo, akamwamsha. Hakumwuliza nani alianza. Wakwe wangapi leo wangekwenda na kitambaa cha kupangusia, na wangapi wangekwenda na orodha ya makosa?

Likishindikana hilo, Suratun Nisaa imeelekeza apelekwe mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Ni wawili tu. Katika mji mdogo, jambo la asubuhi hufika sokoni kabla ya adhuhuri, na jioni lina waamuzi arobaini. Jambo lililosemwa na watu arobaini ni vigumu kwa wenyewe kusameheana, hata wakitaka, kwa kuwa sasa waona haya mbele ya watu.

Yako mambo mepesi yawezayo kufanywa tangu mwandamo ujao. Mume ahesabu fungu lake mbele ya mke asubuhi ile ile, kabla ya kulala. Katika kila usiku wa giza uliojaliwa samaki, liwekwe kando fungu la juma la mbalamwezi, na mtaji wa mke usiguswe ila kwa deni lililoandikwa. Arusi za vijana zisiwekwe mwezi ukiwa mpevu kwa kuwa tu wanaume wote wapo mjini. Wapo, lakini mifuko yao haipo, na bwana arusi huanza ndoa kwa kukopa. Na mume na mke wasiojua kuandika wana mtoto aendaye shule: amwandikie mama tarehe na kiasi katika ukurasa wa mwisho wa daftari, asome kwa sauti, kisha apelekwe kucheza kabla wazazi hawajaanza kujadiliana.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.