Muujiza wa Kweli Hauogopi Kipimo

Masomo: Danieli 1:8–16, Mathayo 8:1–4



Leo tujibu swali ambalo vijana wetu wa chuo kikuu wanauliza, na ambalo baadhi ya wazee wa kanisa wanaliogopa: je, mtu aliyeokoka anaweza kushika Biblia na kukubali sayansi pia? Na falsafa je, si Paulo aliikataza katika Wakolosai 2:8?

Ndugu zangu, Paulo hakukataza kufikiri. Alikataza udanganyifu unaowavuta watu mbali na Kristo. Soma Matendo 17: yeye mwenyewe alijadiliana na wanafalsafa wa Athene, Waepikureo na Wastoiko, wala hakuwakimbia. Alianzia kwenye madhabahu yao, akawafikisha kwenye ufufuo.

Sitakwenda mbali kutafuta mfano. Twende Tunda, katika jimbo letu la Maniema.

Mnaijua mpox, ile tunayoiita ndui ya nyani. Mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa na ugonjwa huo duniani alikuwa mtoto wa miezi 9, huko Basankusu katika Équateur, mwaka 1970. Ni ugonjwa ambao nchi yetu inaishi nao zaidi ya miaka 50. Mwezi wa kumi mwaka 2022, INRB ya Kinshasa, taasisi inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na watafiti wa Marekani, walianza kupima dawa iitwayo tecovirimat katika hospitali ya Tunda na ile ya Kole, jimbo la Sankuru. Wagonjwa 597, wakubwa kwa watoto, waliingia katika uchunguzi huo. Kwa kura, wengine walipewa dawa, na wengine walipewa kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepewa kipi, na daktari vilevile hakujua. Wote walilazwa, wakalishwa, wakaangaliwa vidonda vyao, na magonjwa mengine waliyokuwa nayo yakatibiwa.

Matokeo yalitangazwa mwezi wa nane mwaka 2024. Vidonda vya waliopewa dawa havikupona upesi kuliko vya wale wengine. Lakini jambo lingine lilionekana. Katika makundi yote mawili, waliokufa walikuwa 1.7 kwa mia, wakati kwa kawaida mpox ya aina ile huua katika nchi yetu 3.6 kwa mia au zaidi. Watafiti waliona hapo faida ya kulazwa hospitalini na kutunzwa vizuri.

Hapo Tunda kuna mafundisho matatu.

La kwanza ni la sayansi: kupima si kumkosea Mungu. Danieli hakumwambia msimamizi wake, "Niamini tu." Alimwambia awajaribu siku kumi, wao kwa mboga na maji, wengine kwa chakula cha mfalme, kisha alinganishe nyuso zao. Danieli alikuwa na imani, na kwa sababu ya imani hiyo hakuogopa kulinganishwa. Tena tazameni uaminifu wa watafiti. Walitumaini dawa ile isaidie. Haikuharakisha kupona, na wakalisema mbele ya dunia nzima. Sisi wahubiri tujifunze hapo. Ni mara ngapi tunatangaza waliopona na kunyamaza juu ya wasiopona? Paulo hakuficha kwamba alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa. Imeandikwa, 2 Timotheo 4:20.

La pili ni la falsafa. Falsafa ni kazi ya kupima maneno yetu na hoja zetu. Inatuuliza: kitu kikija baada ya kingine, je, kimeletwa nacho? Jogoo anawika, jua linachomoza. Je, jogoo ndiye aliyelileta jua? Wazee walikwisha jibu: jogoo hata asipowika, kutapambazuka. Kama kule Tunda wangehesabu waliokunywa dawa peke yao, wangesema, "Wamekunywa, wamepona, basi dawa imewaponya." Kulinganisha na kundi la pili ndiko kulikowazuia kukosea. Sasa mtu anakuja mtaani kwetu na chupa za mafuta, anauza kwa bei kali, anasema, "Fulani alipakwa, akapona." Muulizeni kwa upole: na wale ambao hawakupakwa, wangapi walipona? Na waliopakwa wakafa, wako wapi katika ushuhuda wako? Kuuliza hivyo si kukosa imani. Paulo anatuagiza tupime mambo yote na kushika lililo jema, 1 Wathesalonike 5:21.

La tatu ni la teolojia, na hapo sayansi inanyamaza. Kipimo kinaweza kutuambia ni kirusi gani kimeingia mwilini. Hakiwezi kutuambia kwa nini mtoto wa maskini wa kijijini ana thamani sawa na mtoto wa gavana. Hakiwezi kumwamuru mtu akae usiku kucha karibu na mgonjwa anayetoa harufu. Hilo linatoka kwa Yeye aliyemuumba mwanadamu kwa mfano wake, na aliyemsifu Msamaria kwa kumimina mafuta na divai katika jeraha, Luka 10:34. Muuguzi anayeosha vidonda, hata kama hajui, anatembea njia ya Msamaria yule.

Teolojia inasahihisha pia maswali yetu. Mtoto akitoka vipele, jirani wanauliza, "Nani amemroga?" Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali la namna hiyo katika Yohana 9: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakutafuta wa kulaumiwa, alimhudumia kipofu. Kwa hiyo kikongwe asifukuzwe nyumbani mwake kwa ajili ya kirusi.

Mtaniuliza, "Mchungaji, basi Mungu haponyi tena?" Anaponya! Tunaliamini na kulihubiri, na Yakobo 5:14 haijafutwa. Lakini angalieni Mathayo 8. Yesu alimponya mwenye ukoma kwa neno, kisha akamtuma kwa kuhani. Kufanya nini? Kukaguliwa ngozi yake, kama sheria ya Walawi 13 na 14 ilivyoagiza. Bwana mwenyewe alipeleka muujiza wake kwenye kipimo! Aliyepona kweli hapotezi kitu akikaguliwa. Ambaye hajapona, kipimo kinaweza kumwokoa yeye na watoto wake.

Basi tufanye nini, wapendwa? Mtu wa nyumbani mwako akitoka homa na vipele, usimfungie katika chumba cha maombi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Mpox hupita kwa kugusana, kwa mashuka na nguo. Wewe mzee wa kanisa, usisogeze umati kumwekea mikono. Mtumishi wa yule akida alipona bila Yesu kufika nyumbani mwake, Mathayo 8:13. Neno la Bwana halizuiliwi na umbali. Ombeni mkiwa mbali, kisha mpelekee mgonjwa uji, sabuni na maji, na pesa kidogo za hospitali. Akirudi mzima, aje kanisani atoe ushuhuda, na katika ushuhuda huo amshukuru Mungu pamoja na waliomtunza. Hakuna anayemwibia Mungu utukufu kwa kumshukuru muuguzi.

Tuombe. Baba, wewe ndiwe uliyeumba macho yanayochunguza, akili inayopima na moyo unaopenda. Utuepushe na uongo unaovaa jina lako. Wape hekima madaktari na watafiti wetu, wape nguvu wauguzi wa Tunda, wa Kindu na wa Maniema yote. Waguse wagonjwa wetu, na utufundishe kuwahudumia bila woga na bila kiburi. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.