Kishikwambi Kitoke Kabatini

Msikilizaji, baada ya Sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilikabidhiwa walimu nchini Tanzania. Mwalimu mwenzangu, chako kiko wapi? Kama kimefungiwa kabatini, kitoe leo.

Kupitia kishikwambi hicho, vitabu vya kiada vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini kifaa hakifundishi peke yake.

Chukua mfano wa somo la moyo. Kabla ya kuonyesha video, waulize wanafunzi: damu inatoka wapi, inaelekea wapi? Waache wabishane, hata kelele zikizidi. Kisha waite kwa makundi madogo watazame. Zima. Kila mmoja achore mwenyewe alichokiona, na wewe upite ukisahihisha.