MKUSANYIKO WA UKOO NA HAKI ZA WARITHI





Kila inapokaribia sikukuu ya Idi, bandari ya Malindi mjini Unguja hujaa wasafiri waendao Pemba. Wengine huja kutoka Dar es Salaam na Tanga, na wengine hurejea kutoka Mombasa na Maskati. Wengi wao safari huishia penye nyumba moja ya wazee, iliyo karibu na makaburi ya mababu na mikarafuu waliyoipanda.

Siku hiyo huwa ya furaha. Makaburi husafishwa, khitma husomwa, na sinia za pilau huandaliwa juu ya mikeka. Watoto wa ami na wa shangazi, waliokulia miji mbalimbali, hufundishwa nani wa kumwita bibi na nani wa kumwita mjomba. Kuunga udugu ni amri ya dini na ni nguzo ya jamii ya Visiwani.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo katika mikusanyiko mingi huonewa haya, nalo ni mirathi. Husemwa kwamba si adabu kutaja mali mbele ya wageni. Mwaka hupita, na mwingine huja, na mali ya marehemu hubaki bila ya kugawiwa.

Tuchukue mfano. Mzee amefariki akaacha mke, watoto wawili wanaume na mmoja mwanamke, pamoja na mikarafuu 40 baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia. Mke hupata thumni, yaani mikarafuu 5. Katika 35 iliyobaki, kila mwanamume hupata 14 na mwanamke 7. Mama yao naye akifariki bila ya mrithi mwingine, mikarafuu yake 5 hurudi kwa watoto hao: wanaume wawili wawili, mwanamke mmoja. Hesabu huwa 16, 16 na 8.

Hesabu hiyo ni nyepesi iwapo itafanywa mapema. Ikiachwa hadi wajukuu na vitukuu, hapana ajuaye nani alitangulia kufa, ilhali mpangilio wa vifo ndio unaoamua nani anamrithi nani. Hapo ndipo binti aliyeolewa mbali husikia kwamba karafuu zimechumwa na kuuzwa, na fungu lake halikumfikia. Pengine nduguze hawakukusudia kumdhulumu, bali hawaijui tena haki yake ni miti mingapi. Dhulma ya kutojua nayo ni dhulma, na udugu huvunjika vile vile.

Aidha, mara nyingi anayeujua mpaka wa shamba ni mzee mmoja tu, mwenye kukumbuka kwamba unapita penye mfenesi na si penye kisima. Siku anapozikwa, ushahidi huzikwa pamoja naye.

Kwa hivyo, wananchi wanashauriwa kwamba, baada ya khitma na chakula, ukoo ukae barazani na kufanya mambo haya:

1. Kuandika nasaba, wanaume kwa wanawake, pamoja na tarehe za vifo zinazojulikana.

2. Kuzunguka shamba pamoja na wazee, majirani na sheha, na kuandika mipaka na idadi ya miti.

3. Kuwaandika waliokosekana, hasa wanawake na mayatima, ili haki zao zisisahauliwe.

4. Kuyapeleka maelezo hayo, pamoja na vyeti vya vifo, kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyowekwa kwa Sheria Namba 2 ya 2007. Na penye mgogoro, Mahakama ya Kadhi.

Shughuli hiyo haihitaji zaidi ya daftari, kalamu na saa chache za alasiri. Wazee wangalipo, na aliyeolewa mbali amefika. Haifai boti ya kurudi ing'oe nanga kabla ya haki yake kuandikwa.

Wabillahi tawfiq.